Mti wa Sentensi na Kazi ya Mhubiri

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mchoro wa matawi unavyodhihirisha muundo wa sentensi, na kwa nini mhubiri hana budi kuutumia. Wengi wetu tuliusoma kwa ajili ya mtihani, kisha tukauacha. Lakini mchoro huu, ulioenea katika isimu baada ya kitabu cha Noam Chomsky cha mwaka 1957, una faida kubwa mbele ya Maandiko.

Msingi wake ni huu: maneno hayakupangwa kama shanga katika uzi, bali huungana kwanza katika vikundi, navyo vikundi huungana kuwa sentensi. Juu ya mti huandikwa S, yaani sentensi. Hapo hushuka matawi mawili: KN, kikundi nomino, na KT, kikundi tenzi. Kila tawi hugawanyika tena mpaka kufikia neno moja moja.

Tuchukue mfano: "Mtoto wa mchungaji aliyefika Tukuyu anaimba." Ni nani aliyefika? Sentensi yenyewe haisemi, kwa kuwa mtoto na mchungaji wamo katika ngeli moja. Kishazi "aliyefika Tukuyu" kikiunganishwa na kikundi kizima "mtoto wa mchungaji", aliyefika ni mtoto. Kikiunganishwa na tawi dogo la "mchungaji" peke yake, aliyefika ni mchungaji. Maneno ni yale yale. Miti ni miwili, na maana ni mbili.

Mara nyingi ngeli hutusaidia. Katika "kikombe cha divai kilichobarikiwa", kiambishi chatupeleka kwenye kikombe. Katika "kikombe cha divai iliyobarikiwa", chatupeleka kwenye divai. Kinyakyusa nacho kina upatanisho wa ngeli. Sarufi yake ilichapishwa na mmisionari Schumann mapema mwaka 1899, lugha ikiitwa Kikonde. Basi anayetafsiri mahubiri kutoka Kiswahili katika sharika za Rungwe hahamishi maneno tu, bali matawi pia.

Sasa tutazame Kiyunani. Katika Luka 23:43 Yesu anamjibu mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye. Je, neno "semeron", yaani leo, ni tawi la kitenzi cha kunena, au ni tawi la ahadi? Hati za kale hazikuwa na alama za vituo kama zetu, wala hapo hakuna neno "hoti", yaani kwamba, la kuweka mpaka. Katika Marko 14:30 "hoti" ipo, nayo yatangulia "semeron". Mpaka ni dhahiri. Mti hauamui kwa niaba yetu. Watudai tuamue na kutoa sababu. Wafasiri walio wengi huweka "leo" ndani ya ahadi, kwa kuwa utangulizi wa Yesu wenye neno Amin, uonekanao mara nyingi katika Injili, hauongezewi kwa kawaida neno la wakati.

Jambo hili si la darasani tu. Fungu hili tunalisoma penye msiba, na aliyefiwa hutaka kujua ni nini kilichoahidiwa, na ni lini. Mhubiri asiyejua kwamba hapo pana njia mbili hataweza kumjibu muumini atakayemwuliza. Kwa hiyo twawasihi wanafunzi na watumishi wenzetu: kabla ya kuandika hubiri, chora mti wa fungu lako. Tawi likikosa mahali pa kushika, rudi kwenye Kiyunani kabla ya kupanda mimbarani.