Fahamu: Kwa nini wito wa mazoezi haumwinui mtu kitini

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais wa Tanzania, alizindua kampeni ya mazoezi: kila Jumamosi ya pili ya mwezi, watu watoke. Lakini wilayani Kaliua, mkulima wa tumbaku aliyeshinda na jembe hana haja ya kuhimizwa atoe jasho. Mlengwa ni aliyekaa dukani au kwenye bodaboda tangu asubuhi.

Je, kumtisha kwa maradhi kunatosha? Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2002 ulionyesha sivyo. Kati ya wanafunzi walioelezwa hatari za ugonjwa wa moyo, ni 35% tu waliosema wamefanya mazoezi. Wasioelezwa walikuwa 38%. Walioelezwa na kutakiwa pia kuandika siku, saa na mahali pa kufanyia mazoezi walifika 91%.

Kwa hiyo "nitaanza wiki ijayo" haina uzito. "Jumanne nikishafunga duka, natembea hadi stesheni na kurudi" huo ni mpango. Aristotle naye alifundisha kwamba tabia hujengwa kwa kutenda mara kwa mara, na kwa kipimo hicho Jumamosi moja kwa mwezi, naona, ni hamasa zaidi kuliko mazoezi.