Diski Moja Arua, Nyingine Koboko

Mwalimu mmoja wa sekondari alisafiri kutoka Koboko hadi kwangu Arua, mwendo wa kilomita kama 55, laptopu yake akiwa ameipakata mapajani njia nzima. "Fundi, imekataa kuwaka," aliniambia, "na maksi za muhula wote zimo humu humu." Niliiwasha nikaitegea sikio. Tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tik tena. Mlio huo hutoka pale kichwa cha kusomea ndani ya diski kinapotafuta njia yake na kuikosa. Nikaizima papo hapo, kwa sababu diski iliyofika hapo huzidi kuharibika kila dakika inayozunguka.

"Mwalimu, nakala ya akiba unayo?"

"Ninayo, fundi." Akatoa flashi mfukoni. Ubavuni imeandikwa GB 512.

Tuliichomeka kwenye kompyuta yangu na majina ya faili yote yakajitokeza: kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, ripoti, barua. Uso wa mwalimu ukachangamka. Tukabofya ya kwanza, haikufunguka. Ya pili, haikufunguka. Zilizofunguka zilikuwa chache, na nyingi kati yake ni za zamani ambazo hakuzihitaji tena.

Flashi ile ilikuwa feki, na zipo nyingi sokoni kwetu. Ndani yake kuna kumbukumbu ndogo, pengine GB 16 tu, lakini kidude kinachoiongoza kimefundishwa kuidanganya kompyuta kwamba nafasi ipo tele. Ukinakili faili mpaka nafasi ya kweli ikaisha, flashi hailalamiki. Inaendelea kupokea huku ikitupa kile inachopokea, au ikiandika juu ya kile ilichopokea mwanzo. Majina hubaki kwa sababu orodha ya majina hukaa mwanzoni mwa kumbukumbu, mahali palipo salama. Mwenye mali huona folda zimejaa akalala usingizi.

Dawa yake ni programu ndogo ya bure iitwayo H2testw, ya Windows, au F3 kwa wanaotumia Linux. Huijaza flashi data inayojulikana tangu mwanzo hadi mwisho, kisha huisoma tena na kulinganisha. Flashi ya kweli ya GB 64, ikiandika kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, itachukua karibu saa mbili kujaa, na muda mwingine wa kusomwa. Ni kazi ya mchana mmoja. Nimeanza na hili kabla sijataja programu yoyote ya kunakili kwa sababu programu nzuri kuliko zote ikiandikia kwenye flashi ya uongo haikusaidii chochote.

Sasa nije kwenye swali ninaloulizwa kila wiki: programu ipi ya bakapu ni bora? Nami huwa nauliza kwanza, unataka kujikinga na nini? Kuna kazi tatu ambazo watu huziita kwa jina moja. Ya kwanza ni kunakili faili: picha, barua, maksi, hesabu za duka. Ya pili ni kutengeneza taswira ya diski, yaani kuikunja diski nzima, Windows na programu zake zote, iwe furushi la faili unaloliweka kwenye diski ya nje na kulikunjua siku ya shida. Ya tatu ni kudurufu, au kama mafundi wanavyosema, kukloni: diski moja inamiminwa moja kwa moja ndani ya nyingine, ili uitoe ya zamani, uchomeke mpya, na kompyuta iwake kama jana.

Kudurufu ni kazi ya siku moja, siku ya kuhama kutoka diski inayozunguka kwenda SSD, ile isiyozunguka. Si bakapu. Diski iliyodurufiwa Januari inakuonyesha Januari tu, na ikiwa siku hiyo kompyuta ilikuwa na virusi, umevidurufu pia. Nimewaona watu wakinunua programu ya bei kubwa ya kudurufu, wakaitumia mara moja, kisha wakaishi miaka miwili wakiamini wana akiba.

Kwa mtumiaji wa nyumbani huku kwetu, kipimo changu cha programu ni kimoja: siku kompyuta imekufa, umeme ni wa kubahatisha na intaneti haipo, je, itakurudishia mali yako? Hilo si jambo la kufikirika. Mkoa wetu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, uliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ukitegemea jenereta na mtambo mdogo wa maji wa Nyagak wa megawati 3.5, hadi laini kubwa ya umeme ilipotufikia mwaka 2024. Hali imekuwa bora, lakini radi bado zinapiga na umeme bado unakatika. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na programu inayodai kuthibitisha leseni mtandaoni kabla ya kumrudishia faili alikaa kusubiri.

Kwa kipimo hicho, chaguo langu la taswira na kudurufu ni Clonezilla, programu ya bure kutoka Taiwan. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kwa flashi hiyo, na inafanya kazi hata kama Windows imekufa kabisa. Haidai leseni wala mtandao. Inanakili sehemu za diski zenye data tu, kwa hiyo diski ya GB 500 yenye GB 120 ndani haikuchukui usiku kucha. Ubaya wake ni sura: maandishi matupu, maswali mengi, hakuna kipanya. Asiyeipenda achukue Rescuezilla, ndugu yake yenye vitufe vya kubofya, ambayo hufungua pia taswira zilizotengenezwa na Clonezilla. Kiswahili hamna, lakini wenzetu wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, watakuta Kifaransa ndani ya Clonezilla.

Kuna skrini moja ambapo nakuomba usimame upumue. Clonezilla inakuonyesha diski mbili, sda na sdb, na kukuuliza ipi ni chanzo na ipi ni lengo. Ukizigeuza, diski tupu itamiminwa juu ya diski yenye maisha yako. Usiamini herufi hizo, kwa maana zinaweza kubadilika ukichomeka upya. Soma ukubwa, soma jina la kiwanda, soma namba ya diski. Mimi huandika namba ya diski ya chanzo kwenye karatasi kabla sijawasha chochote, na karatasi hiyo naiweka juu ya kibodi. Programu itakuuliza tena kabla ya kuanza, na kila mara inapouliza mimi hurudi kwenye karatasi.

Mtego mwingine uko kwenye ukubwa. Laptopu nyingi za zamani zina diski ya GB 500, na SSD inayopatikana kirahisi ni ya GB 480. Kwa hesabu ya kawaida ya mtu, data yake GB 120 itaingia bila shida. Clonezilla na Rescuezilla hazioni hivyo: lengo likiwa dogo kuliko chanzo, zinakataa. Inabidi kwanza upunguze sehemu ya C ukiwa ndani ya Windows, kisha uingie hali ya wataalamu ya Clonezilla na kuiambia isipime ukubwa wa lengo. Kupunguza sehemu ndiyo hatua ya hatari, kwa hiyo usiifanye bila betri iliyojaa au UPS. Umeme ukikatika katikati ya kudurufu, chanzo hakidhuriki kwa kuwa kilikuwa kinasomwa tu. Utaanza upya basi. Ukikatika katikati ya kupunguza sehemu, unaweza kupoteza yote. Asiyejiamini anunue SSD ya GB 512 na ajiondolee usumbufu.

Kampuni kadhaa za SSD hutoa programu zao za kudurufu bure. Samsung wana ya kwao, na nyingine hutoa toleo la programu iitwayo Acronis. Ni rahisi kutumia na hurekebisha ukubwa zenyewe, ila hufanya kazi pale tu diski ya kampuni husika inapokuwepo. Zipo pia programu za "bure" zinazokusindikiza hadi hatua ya mwisho, kisha zikigundua kwamba diski ina Windows zinadai pesa. Ukiona hivyo, acha.

Na bure ya leo si ahadi ya kesho. Macrium Reflect ilipendwa sana katika toleo lake la bure, na ilistahili kupendwa. Kampuni ilisitisha toleo hilo, na tangu mwanzo wa 2024 halipati tena marekebisho. Waliokuwa na taswira zake hawakuzipoteza, lakini zimefungwa kwa mtindo unaofunguliwa na programu yenyewe. Ndiyo sababu napendelea programu huria kama Clonezilla: hata watengenezaji wakiacha, flashi uliyonayo itaendelea kufanya kazi kwa kompyuta uliyonayo.

Faili za kila siku hazihitaji mbwembwe zote hizo. Historia ya Faili iliyomo ndani ya Windows hunakili mabadiliko kila saa diski ya nje inapokuwa imechomekwa, na huhifadhi matoleo ya zamani, jambo linalokuokoa ukiharibu faili leo na kugundua wiki ijayo. FreeFileSync nayo ni nzuri, kwa sharti usitumie hali ya kioo bila kuielewa: ukifuta folda kwenye kompyuta, nayo huifuta kwenye akiba. Chagua hali ya kusasisha, isiyofuta kitu.

Kabla ya yote hayo, angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Kompyuta mpya zenye Windows 11 mara nyingi hujifunga zenyewe bila mwenyewe kujua. Clonezilla ikikuta diski iliyofungwa haiwezi kutofautisha penye data na patupu, kwa hiyo hunakili kila kitu, na kazi ya dakika 40 hugeuka ya masaa. Tafuta ufunguo wa kurejesha kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye daftari, kisha uzime ufungaji kabla ya kudurufu.

Kuhusu kuhifadhi mtandaoni: Google inatoa GB 15 bure, Microsoft GB 5. Hizo zatosha barua, vyeti na maksi, na nashauri mtu azitumie kwa hayo. Kwa picha na video za familia, hesabu inakataa. Data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na kupandisha GB 200 kwa mtandao wa simu ni mzigo wa mwezi.

Mafundi wa dunia wana kanuni waliyoipata kwa mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikae mbali. Huku kwetu mbali si lazima iwe mtandaoni. Barabara ya Arua kwenda Koboko ni ya lami, na magari yanapita kutwa. Watu wengi wa Arua wana shangazi, mjomba au mwana wa kaka Koboko, na wa Koboko wana wao Arua. Nunua diski mbili za nje. Moja ikae kwako, nyingine ikae kwa ndugu, na kila unaposafiri kwenda msibani au harusini zibadilishane. Moto ukiunguza nyumba moja, au mwizi akibeba kompyuta pamoja na kila kilicho mezani, nusu ya ukoo bado ina picha. Ikiwa ndani mna kumbukumbu za watu wengine, wagonjwa wa kliniki au wanachama wa kikundi cha akiba, ifunge kwa nywila kwa programu kama VeraCrypt. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuwajibisha, na hata isingekuwepo, siri ya mtu ni amana.

Laptopu ya mwalimu tuliishughulikia kwa ddrescue, programu inayosoma kwanza sehemu nzima za diski mgonjwa, kisha kurudi kubembeleza zilizoharibika. Huweka ramani ya ilipofika, hivyo umeme ulipokatika mara mbili usiku ule, iliendelea pale pale ilipoachia. Maksi nyingi zilipatikana. Za darasa moja hazikupatikana, na mwalimu alikwenda kuomba madaftari ya wanafunzi asahihishe upya.

Sasa ana diski mbili za nje, na kila mwanzo wa muhula mimi na yeye tunafanya zoezi moja: tunachagua faili kumi bila mpangilio kutoka kwenye diski ya akiba, tunazifungua kwenye kompyuta nyingine, kisha tunawasha laptopu yake kwa flashi ya Clonezilla mpaka iione taswira ya laptopu iliyomo kwenye diski hiyo. Zoezi halifiki nusu saa. Nawe lifanye wiki hii. Na kama diski yako ya akiba bado imechomekwa kwenye kompyuta wakati unasoma haya, ichomoe, kwa sababu radi na virusi vya kudai fidia vitakavyoingia kwenye moja vitaingia na kwenye nyingine.