Nusu ya Vita vya Kagera tusiyoisimulia

Barabara inayotoka Omurushaka kupitia Nkwenda hukufikisha Murongo, ukingoni mwa Mto Kagera. Ng'ambo ni Kikagati, Uganda. Kwa mkazi wa Kyerwa mto huo ndio mpaka, na hakosei. Lakini ukiufuata kuelekea mashariki, unafika mahali ambapo mpaka unauacha mto na kushika nchi kavu, ukanyooka kwenye digrii moja kusini mwa Ikweta mpaka Ziwa Victoria. Ardhi iliyobaki kati ya mto na mstari huo, kilomita za mraba zipatazo 1,800 upande wa Missenyi, ndiyo aliyoivamia Idi Amin mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuitangaza, Novemba 1, kuwa sehemu ya Uganda.

Mstari huo hakuulizwa mtu yeyote wa huku ulipochorwa. Ulitokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890, mkataba uleule ambao kwa huo Ujerumani iliutambua ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar. Karatasi moja ikagusa Kagera na Visiwani kwa pamoja. Miaka 55 baadaye, Desemba 28, 1945, alizaliwa Kisima Majongoo, Unguja, mtoto ambaye kazi yake ingemzungusha kote kuwili: Augustino Stephen Lawrence Ramadhani.

Wengi wanamkumbuka kama Jaji Mkuu wa Tanzania aliyeshika nafasi hiyo kuanzia Julai 2007 hadi Desemba 2010. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Vita vya Kagera tunavisimulia kwa majina ya makamanda, akina Musuguri, Mayunga na Mwita Marwa, na kwa majina ya miji iliyotekwa. Ni nadra kumsikia msimulizi akifika kwa wanasheria waliovaa magwanda ili jeshi lililoshinda lisigeuke genge lenye silaha. Ramadhani alikuwa mmoja wao.

Mwanasheria aliyekwenda kambini

Alihitimu shahada ya sheria Dar es Salaam mwaka 1970. Kwa msomi wa sheria wa wakati ule milango ilikuwa wazi: ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, uhakimu, mashirika ya umma yaliyokuwa yakizaliwa baada ya Azimio la Arusha, au uwakili kwa aliyetaka kujitegemea. Yeye alijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwaka huohuo.

Jeshi lenyewe lilikuwa changa. Lile lililorithiwa kwa Waingereza lilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na JWTZ ikaundwa Septemba mwaka huo. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ilikuja mwaka 1966, ikiwa na kanuni za nidhamu na utaratibu wa mahakama za kijeshi. Kwa hiyo afisa mwanasheria wa miaka ya 1970 alikuwa akijenga nyumba huku watu wameshahamia. Serikali iliyoonja maasi ilikuwa na kila sababu ya kutaka askari ajue kwamba juu ya kamanda wake kuna sheria.

Mwaka 1977 Ramadhani alikuwa Brigedi ya Faru, Tabora. Mwaka uliofuata akateuliwa Naibu Jaji Mkuu wa Zanzibar, na ingeonekana kwamba joho sasa limeshika nafasi ya magwanda. Vita vikamrudisha jeshini.

Mutukula na agizo la Mwalimu

Novemba 2, 1978, katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Amin upo, sababu ipo, na nia ipo. Kilichofuata kinajulikana huku kuliko kokote. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuliwa kwa haraka kwa kuwaingiza mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza, na inakadiriwa kwamba lilipita watu 150,000. Mkulima wa kahawa aliyekuwa akipalilia shamba lake wakati wa saba saba akajikuta kabla ya Krismasi ameshika bunduki.

Katika hadithi za ushindi, hapo ndipo tunaporuka kwenda Kampala. Lakini Januari 1979, askari wetu walipovuka na kuiteka Mutukula, waliibomoa na kuua raia, wengine wakiwa wazee. Walikuwa wamepita Kyaka na vijiji vya Missenyi, wameona walichokifanya askari wa Amin kwa watu wetu, na walilipiza. Nyerere aliposikia alishtuka, akaagiza kwamba kuanzia hapo raia wa Uganda na mali zao wasiguswe.

Agizo la Rais ni jambo moja, na kulitekeleza kwa maelfu ya watu wenye silaha walio mamia ya kilomita kutoka nyumbani ni jambo jingine. Masaka ilitekwa Februari 24 na Mbarara, mji mkubwa wa ng'ambo ya pili kwa mtu wa Murongo, Februari 25. Sehemu za miji yote miwili zikalipuliwa kwa baruti. Kampala ikaanguka Aprili 11. Mapema Juni JWTZ ilikuwa imefika mpaka wa Sudan, na Uganda nzima ilikuwa mikononi mwa wanajeshi wasio wake. Polisi walikuwa wametawanyika na mahakama za kiraia hazijasimama sawasawa. Maduka yalikuwa wazi kwa yeyote mwenye nguvu.

Askari wa nchi nyingine akiiba, akibaka au akiua katika hali kama hiyo, nani anamhukumu? Jibu la sheria ni kwamba askari huondoka na sheria yake. Kanuni za nidhamu za JWTZ zilimfuata Mtanzania hadi Masaka na Kampala kama zilivyomfuata Tabora. Mahakama ya kijeshi huundwa na maafisa. Shtaka husomwa, ushahidi husikilizwa, mshtakiwa hujitetea, na mwanasheria huwaongoza maafisa hao wasije wakahukumu kwa hasira au kwa kulindana. Mwaka 1979 Ramadhani alikuwa Uganda akisimamia mahakama hizo.

Kazi hiyo haina wimbo. Aliyekaa kuwahukumu wapiganaji wa jeshi lililokuwa likishangiliwa mitaani hakuwa na mtu wa kumbeba mabegani. Hata hivyo, katika mwaka huohuo Tanzania ilihitaji sana kuthibitisha kwamba haikwenda Uganda kupora. Mwezi Julai 1979, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Monrovia, Tanzania ilishutumiwa kwa kuvuka mpaka wa nchi nyingine na kuiangusha serikali yake. Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba 1972 ulikuwa umezitaka Tanzania na Uganda zirudishe majeshi yao kilomita 10 kutoka mpakani, na Amin ndiye aliyeuvunja kwa kuvamia. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, lakini kila duka lililovunjwa na askari wetu liliipunguzia nguvu.

Kutoka mahakama ya kijeshi hadi Arusha

Januari 1980 akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar, na mwaka 1989 akaingia Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Alibaki mwanajeshi hadi alipostaafu mwaka 1997 akiwa Brigedia Jenerali. Hapo pana swali la haki kabisa: jaji aliye ndani ya orodha ya jeshi anakuwaje huru mbele ya Serikali yenye jeshi hilo? Mfumo wa chama kimoja haukuliona kuwa tatizo. Sisi leo tungeliona. Kipimo kilichobaki ni hukumu zake.

Januari 1995, majaji Makame, Ramadhani na Lubuva walitoa uamuzi katika rufaa ya Mbushuu, kesi iliyohoji uhalali wa adhabu ya kifo. Jopo lilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu, kisha likasema kwamba Katiba yenyewe imeacha mwanya unaoiruhusu, kwa hiyo inabaki. Wapinzani wa kitanzi walisikitika. Lakini mahakama ya juu ya nchi ilikuwa imetamka bayana ubaya wa jambo ambalo Serikali ilikuwa ikilifanya kwa jina la wananchi.

Hukumu inayofunga mzunguko wa maisha yake ilitolewa na Mahakama ya Afrika Mashariki. Novemba 16, 2005, Mahakama Kuu mjini Kampala ilitoa dhamana kwa watuhumiwa 14 wa uhaini. Kabla hawajatoka, askari wenye silaha waliizingira mahakama na kuwarudisha gerezani, na baadaye watuhumiwa wakapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. James Katabazi na wenzake 21 wakafungua shauri Arusha. Novemba 1, 2007, jopo la majaji watano, Ramadhani akiwemo, liliamua kwamba jeshi kuzuia amri halali ya mahakama isitekelezwe ni kuvunja utawala wa sheria na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Serikali ya Uganda wakati huo iliongozwa na Yoweri Museveni, ambaye mwaka 1979 alikuwa na wapiganaji wake upande wa Mbarara wakisonga mbele pamoja na JWTZ. Ramadhani naye alikuwa Uganda mwaka huo akiwapima askari kwa sheria. Miaka 28 baadaye, kutoka Arusha, alikuwa anasisitiza kitu kilekile kwa watu wengine: bunduki haipangui amri ya hakimu.

Tahadhari ya mwanajeshi

Hakuwa jaji wa kuruka uzio, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Juni 2010, akiwa Jaji Mkuu, aliongoza jopo lililosema kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Mchungaji Christopher Mtikila, aliyelipigania kwa miaka, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo Juni 2013 iliamua kwamba haki za raia zimevunjwa. Ramadhani alikuwa jaji wa mahakama hiyo lakini hakukaa kwenye shauri hilo kwa kuwa ni Mtanzania.

Wakati huo tayari alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Rasimu ya Tume ikapendekeza mgombea binafsi aruhusiwe. Anayetaka kuona kigeugeu atakiona. Mimi naona mtu aliyeamini kwamba kila chombo kina zamu yake: jaji hatungi katiba akiwa kwenye kiti cha hukumu, na anayepewa kazi ya kuandika katiba asijifiche nyuma ya hukumu. Ni mantiki ya mwanajeshi anayejua mipaka ya amri aliyopewa. Ina udhaifu wake, kwa sababu mwananchi anayesubiri haki haoni tofauti ya zamu.

Mwaka 2014 alichaguliwa Rais wa Mahakama ya Afrika, akaiongoza hadi 2016. Katikati ya hapo alichukua fomu ya kuomba urais kupitia CCM mwaka 2015, bila kupita. Alikuwa pia padri wa Kanisa Anglikana. Alifariki Aprili 28, 2020.

Kwa nini huku kwetu

Kijana wa Kayanga anaweza kuuliza mambo haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu mpaka hauishiwi na watu waliovaa sare. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Ngara na Karagwe, ikiwemo Kyerwa ya leo ambayo ilikuwa bado ndani ya Karagwe, na bunduki nyingi zikaja nyuma yao. Kwa miaka mingi baadaye mabasi katika baadhi ya barabara za Kagera yalisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi. Septemba 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu mkoani Kagera, Geita na Kigoma, na malalamiko yakasikika kwamba watu waliokaa hapa miongo mingi walisombwa bila kusikilizwa. Katika Operesheni Tokomeza ya mwaka huohuo, iliyolenga ujangili, mateso kwa raia yaliwagharimu mawaziri wanne nafasi zao, akiwemo Khamis Kagasheki, mbunge wa Bukoba Mjini.

Hakuna operesheni iliyokosa sababu. Ujangili ulikuwepo, na wahamiaji haramu walikuwepo. Amin pia alikuwepo. Mutukula ilitufundisha kwamba sababu njema haimzuii mwenye silaha kuvuka mpaka wa pili, ule wa sheria, na kwamba lazima awepo mtu mwenye mamlaka ya kumsimamisha, hata akiwa wa upande wetu.

Kilichobadilika Murongo kinaonyesha faida ya kushika njia ya sheria. Kituo cha zamani cha umeme cha Kikagati kiliharibiwa katika vita vya 1979. Mei 2023, Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Museveni walizindua kipya cha megawati 14 kwenye mto uleule, na kwa makubaliano ya nchi mbili umeme wake unagawanywa nusu kwa nusu.

Mashujaa waliolala Kaboya, Muleba, wanastahili kila shada tunaloweka. Lakini somo la vita tunalowapa watoto wa Kyerwa na Karagwe lina upungufu likiishia kwa mizinga na miji iliyotekwa. Waambiwe pia kwamba Tanzania, ikiwa imeshinda, iliwaweka askari wake yenyewe kizimbani kwa makosa waliyowatendea watu wa nchi iliyoshindwa. Mtoto atakayelijua hilo, siku akivaa sare, atajua kwamba atahojiwa. Na siku akiwa raia aliyesimamishwa na mwenye sare, atajua kwamba ana haki ya kuhoji.