Je, Wajua? Maharagi, Sombe na Vumbi la Kolwezi

Je, wajua kwamba maji ya Kolwezi huchemka yakiwa na joto dogo kuliko ya Mombasa? Mji huu wa Kongo uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ina mgandamizo mdogo. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kolwezi ni kama 95 tu. Kuongeza makala (makaa) hakusaidii, kwa sababu maji yakishachemka moto wa ziada huzalisha mvuke bila kupandisha joto. Hapo ndipo gunia la makala linapoisha na maharagi bado magumu. Dawa yake huanza jana yake usiku: yaloweke kwa maji yenye kijiko cha chumvi, maana chumvi hulegeza ganda la punje. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, tia mapya, funika sufuria, na yakianza kutokota punguza moto. Mwenye sufuria ya presha hana shida ya mwinuko, kwa kuwa ndani yake joto hupita nyuzi 110.

Na sombe je? Jani la muhogo limebeba sumu ya sianidi iliyofungwa. Pamoja nayo, katika jani lilelile, kuna kimeng'enya chenye uwezo wa kuifungua, ila viwili hivyo havikutani mpaka jani lipondwe. Kinu ndicho kinachovikutanisha: sumu inafunguka na kuanza kutoka hewani, kisha moto unaiondoa iliyobaki. Ukichemsha majani mazima kwanza, joto linaua kimeng'enya na sehemu ya sumu hubaki imefungwa. Kwa hiyo twanga mbichi, yapumzishe kidogo, halafu chemsha bila kifuniko kwa muda wa kutosha kabla ya kutia mawese. Wazee wetu walilifuata hili bila maabara yoyote, na wanastahili heshima kwa hilo.

Sasa vumbi, ambalo ndilo linalonisumbua zaidi. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi, mkazi mmoja alichimba kiwanjani kwake akakuta madini ya kobalti, na muda si muda mashimo yakafunguliwa katikati ya nyumba za watu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, walikwenda kupima damu na mkojo wa wakazi, pamoja na vumbi la ndani ya nyumba, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo katika jarida la Nature Sustainability. Kobalti ilikuwa nyingi zaidi kwa watu wa Kasulo kuliko kwa wa mtaa usio na mashimo, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote kwa watoto. Si ajabu: mtoto hutambaa, hushika sakafu, kisha hutia vidole kinywani.

Serikali na kampuni za migodi haziwezi kusamehewa wajibu wao kwa sababu mama amepewa kitambaa cha maji. Lakini mtoto anatambaa leo. Basi ufagio mkavu uachwe, maana hurusha juu vumbi lililokuwa limetulia. Piga sakafu deki, au nyunyiza maji kwanza ndipo ufagie. Viatu vya mgodini vibaki nje ya mlango. Baba akirudi, avue nguo za kazi na kunawa kabla ya kumbeba mtoto, hata kama mtoto anamkimbilia mikono juu. Nguo hizo zifuliwe katika beseni lake, mbali na za watoto, na zisikung'utwe ndani. Chakula na maji ya kunywa vifunikwe. Wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula bukari (ugali).

Mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inapouma, wapo wanaoingiza mbabula, yaani jiko la makala, chumbani. Makala yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na makala mekundu yasiyo na moshi huitoa vilevile. Usilale nayo kamwe, hata dirisha likiwa wazi. Kichwa kikianza kuuma na watu wawili au watatu wakasikia kichefuchefu pamoja, wote watoke nje mara moja.

Kobalti hiyohiyo ya hapa Kolwezi imo ndani ya betri za simu nyingi. Betri hizo huchakazwa na joto na kwa kukaa muda mrefu zikiwa zimejaa kabisa, kwa hiyo usichaji simu chini ya mto wala juani. Kuichomoa ikifika kama asilimia 80 huongeza maisha yake. Ikilowa, izime, ipanguse, iache mahali penye upepo kwa siku moja au mbili. Kuifukia ndani ya mchele hakuikaushi vizuri, na unga wa mchele huingia kwenye tundu la chaji.

Umeme nao: mwaka 1982 ulianza kupita kwenye waya wa kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, uliojengwa kwa ajili ya migodi, lakini majumbani bado unakatika. Ukikatika, chomoa frigo. Ukirudi, subiri dakika tano hivi kabla ya kuichomeka tena, ili mkondo utulie na mgandamizo ndani ya kompresa ushuke. Wakati umeme haupo, mlango wa frigo usifunguliwe bila sababu. Ukibaki umefungwa, chakula hukaa salama kwa muda wa karibu saa nne.