Kiatu cha pedali: soko lisilo na muuzaji Shinyanga na Geita

Pikipiki zilipomiminika nchini, na kanuni za mwaka 2010 zikaziruhusu rasmi kubeba abiria, miji mingi ya Tanzania iliziaga baiskeli za kukodi. Shinyanga haikuziaga. Baiskeli za abiria, ambazo wenyeji huziita daladala, bado zinapakia watu mjini, na zile za mizigo zinabeba mkaa, madumu ya maji na magunia ya mpunga kwenye njia za Tinde, Maganzo na Old Shinyanga. Ardhi ni tambarare, kipato ni kidogo, na baiskeli haidai petroli.

Ukikaa na mwendesha daladala mkapiga hesabu ya mtaji wake, mtaandika baiskeli, keria iliyoongezwa nondo, mto wa sponji wa abiria, pampu na vipuri. Kiatu hakimo. Kanda hii ina ng'ombe tele, matairi chakavu tele na maelfu ya watu wanaokula kwa nguvu za miguu yao, lakini dukani hutakuta kiatu hata kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya pedali. Kwangu mimi hilo ni pengo la biashara, na ni pengo ambalo mafundi wa hapa hapa wanaweza kuliziba.

Tuanze na pedali yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoamua kiatu. Baiskeli za aina ya Phoenix kutoka China, na zile za India kama Hero na Avon, huja na pedali za vipande viwili vya mpira vilivyoshikiliwa na vyuma pande zote mbili. Zikiwa mpya zinanata vizuri. Mpira ukiisha, wengi hawabadilishi, wanakanyaga chuma kitupu. Hapo uzito wa mtu anayesukuma abiria au gunia unapita kwenye chuma chembamba kama kidole. Soli laini inajikunja juu ya chuma hicho, unyayo unakaza kufidia, na baada ya saa kadhaa vidole vinaingia ganzi. Mvua zikianza, kuanzia Novemba hadi Aprili, udongo mweusi wa mbuga unajaza kila bonde la soli, na mguu unateleza kutoka kwenye pedali wakati ule ule mpanda baiskeli anapohitaji kusukuma kwa nguvu zaidi.

Huko Ulaya na Amerika Kaskazini wapo watu waliolifikiria jambo hili hadi ndani. Ni wapanda baiskeli za milimani wa mchezo uitwao freeride, wanaoshuka miteremko ya mawe na kuruka vichuguu wakiwa juu ya pedali bapa za aloi zenye vijino vya chuma. Viatu vyao havifungwi kwenye pedali, maana wanataka mguu uchomoke mara moja wanapoanguka. Kampuni ya Five Ten, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1985 kwa ajili ya wapanda miamba, ilichukua mpira wake wa kunata uitwao Stealth ikaupeleka kwenye baiskeli, na mwaka 2011 Adidas ikainunua. Mteja wa kiatu cha namna hiyo anakagua mambo machache: soli iwe bapa, isiwe na mabonde marefu, mpira wa chini uwe laini wa kung'ata, ndani kuwe na kitu kigumu cha kuzuia unyayo usipinde, na mbele pakazwe kulinda vidole. Bei yake ni kati ya dola 100 na 180, yaani zaidi ya shilingi 250,000. Fedha hiyo mwendesha daladala hawezi kuitoa kwa kiatu, wala hapaswi.

Kanuni za uchaguzi, hata hivyo, ni zile zile, na tunaweza kuzitumia kupima kinachouzwa sokoni kwetu.

Ndala na yeboyebo ndizo nyingi kuliko zote. Ni rahisi, zinakauka haraka, na kwa pedali ni hatari: soli inapinda, kisigino kiko huru, vidole viko wazi mbele ya spoki na mawe. Raba za mtumba ni bora zaidi, hasa zile za soli bapa zilizotengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa ubao wa magurudumu, lakini anayezinunua hapewi nafasi ya kuchagua. Anachukua kilichotoka kwenye robota siku hiyo, na gundi ikishazeeka soli inaachia kwenye tope la kwanza. Gambuti inazuia maji vizuri, ila ni pana, inapwaya, na mguu unachemka ndani yake.

Inabaki katambuga, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini hii ndiyo bidhaa inayodharauliwa kuliko thamani yake. Soli yake ni tairi la gari. Mpira wa tairi ni mgumu kuliko ule wa viatu vya freeride: kwa kipimo cha Shore A, matairi mengi ya magari huwa kati ya 60 na 70, wakati soli za kunata hushuka chini ya hapo. Maana yake katambuga hainati sana, lakini inadumu. Kwa mtu anayepiga pedali mchana kutwa, mpira laini wa Five Ten ungekwisha mapema mno. Tena tabaka za nyuzi zilizomo ndani ya tairi zinafanya kazi ile ile ya kipande kigumu ambacho kiwanda cha nje kinakiingiza kwa gharama: zinazuia unyayo usijikunje juu ya chuma cha pedali. Wakenya wanaiita akala, Waganda lugabire, na kote huko imeshika soko la mtu wa kazi kwa sababu hiyo hiyo ya kudumu.

Fundi wa katambuga anahitaji kisu kikali, nyundo, misumari na tairi. Mteja anasimama juu ya mpira, anachorewa mguu wake, na kiatu kinatoka kwa kipimo chake mwenyewe, jambo ambalo duka la mtumba haliwezi kumpa. Tatizo lake kubwa ni malighafi. Tairi la nailoni linakatika na kuchunika tabaka kwa tabaka. Tairi la waya linaua kisu, na ncha za waya zikibaki humchoma mvaaji. Magari mengi sasa yanatumia matairi ya waya, kwa hiyo tairi zuri la nailoni linazidi kutafutwa. Fundi anayelinunua moja moja kwa madereva na mafundi magari yuko mikononi mwa muuzaji. Kikundi cha mafundi kinachonunua kwa jumla kingepunguza gharama hiyo bila kubadili chochote kingine.

Ukivuka kuelekea Kahama na Geita, mguu unakutana na kazi nyingine. Bulyanhulu ilianza kuzalisha dhahabu mwaka 2001, na mgodi wa Geita wa AngloGold Ashanti mwaka mmoja kabla. Kwenye migodi hiyo mikubwa kiatu si uamuzi wa mtu binafsi. Kiatu cha usalama kinachofuata kiwango cha ISO 20345 lazima kiwe na kofia ya vidole inayohimili pigo la jouli 200, sawa na chuma cha kilo 20 kudondoka kutoka urefu wa mita moja hivi. Nje ya uzio, kwenye maduara ya wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, mtu anashuka shimoni na gambuti au yeboyebo, kisha viroba vya mawe vinapelekwa karasha kusagwa, kwa pikipiki, mkokoteni au baiskeli. Fedha ipo. Soko la madini la Geita lilizinduliwa Machi 2019, na mwaka 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 kwa aunsi. Kinachokosekana ni bidhaa iliyo kati ya yeboyebo na buti la mgodini.

Na ngozi? Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 30, na Usukumani ni moja ya ngome za mifugo hiyo. Lakini ngozi nyingi zinaharibika kwa alama za moto, mikwaruzo na uchunaji mbaya kabla hazijafika kwa mtu wa kuzisindika. Waliofikiria kwamba dawa ni kiwanda kikubwa wanajua yaliyotokea Morogoro. Kiwanda cha viatu kilichojengwa huko kwa mkopo wa Benki ya Dunia kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziende Ulaya. Hakikuwahi kukaribia lengo hilo. Uzalishaji ulibaki asilimia chache tu ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Kilijengewa mteja wa mbali, wakati mteja wa karibu hakuulizwa anakanyaga nini.

Ulinzi wa forodha nao haujafika mbali. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa taratibu nguo na viatu vya mtumba. Marekani ikatishia kuwafungia AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Rwanda ilishikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa nguo zake, wengine wakalegeza. Mtumba utaendelea kuwepo, na fundi wa Shinyanga apange bei yake akijua hivyo.

Kiatu ninachokiona mimi ni cha kufunika: soli bapa ya tairi la nailoni iliyochunwa iwe nyembamba, juu ngozi ya kawaida au turubai nene, mbele kipande cha pili cha mpira kulinda vidole, mkanda wa kukaza kisigino, na kushonwa kwa uzi pembezoni ili kisitegemee gundi peke yake. Hakihitaji mashine ambayo SIDO, shirika la viwanda vidogo, haiijui. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inatosha kwa cherehani ya ngozi na shehena ya kwanza ya matairi. Maonyesho ya teknolojia ya madini yanayofanyika Geita kila mwaka tangu 2018 ni mahali pa kuwaonyesha wachimbaji, na kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinampa mtengenezaji wa ndani hoja ya kubisha hodi migodini, ingawa mlango huo hautafunguka kabla kiatu hakijapimwa na shirika la viwango, TBS.

Kwa kuanzia ningewafuata waendesha daladala kijiwe kwa kijiwe, maana wananunua pamoja na wanaambiana. Baada yao ni wakulima. Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei, na wiki zinazofuata ndizo ambazo vijiji vya Kishapu na Maswa vinashika fedha ya kununulia nguo, baiskeli na viatu. Fundi atakayeanza kukata matairi Februari, mvua zikiwa bado zinanyesha, atakuwa na muda wa kukijaribu kiatu kwenye tope la mbuga na kukirekebisha kabla wanunuzi hawajafika.