Shwari Baada ya Masika



Sisi tukaao huku Milimani, Kisumu, tunalijua vema lile juma la shwari, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Tangu Machi tumesikia ngurumo juu ya mabati, na mvua ya mawe imechana majani ya migomba. Kisha asubuhi moja tunaamka, na tazama, ziwa limetulia kama mkeka uliotandikwa. Tunaanika nguo na kusema, "Ashukuriwe Mungu, yamekwisha."

Je, yamekwisha kweli?

Na tufikiri kwanza dhoruba hizo zatoka wapi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huingia kushika mahali pake. Upepo huo hukutana na ule wa mashariki kwenye vilima vya Nandi na Kericho, na hapo mawingu makubwa hujengeka. Ndiyo sababu dhoruba zetu huja alasiri na jioni. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na dhoruba huwakuta wavuvi majini. Ifikapo Juni, ukanda wa mvua nyingi umekwisha kusogea kaskazini kulifuata jua, nasi twapata nafuu.

Lakini mbingu zikinyamaza, maji hayajanyamaza. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa letu ni mvua inayolinyeshea lenyewe, na mto wa kuyatoa ni mmoja tu, yaani Nile, kule Jinja. Nyumba ni pana, mlango ni mwembamba. Kwa hiyo ziwa hubaki limejaa kwa majuma mengi baada ya mvua kukoma. Mei 2020 lilipita kipimo cha juu kilichowekwa mwaka 1964. Mei 2024 likapita na hicho cha 2020, katika masika ambayo mafuriko yaliua zaidi ya watu 250 nchini Kenya.

Basi katika mwaka wa namna hiyo, sisi wa mlimani tunapoanika nguo, jirani zetu wa Dunga wangali na maji mlangoni. Kule Kano, mto Nyando umeshusha maji ya milimani hadi mashambani, na watu wanalala madarasani. Vyoo vimefurika, visima vimechafuka, na kipindupindu ki karibu. Hata jua hili tunalolifurahia huyapa joto madimbwi ambamo mbu wametaga; kwa siku 7 hadi 14 hivi, yai huwa mbu kamili.

Katika Injili ya Marko, sura ya 4, twasoma jinsi Bwana alivyoituliza dhoruba. Wengi wetu hufunga kitabu papo hapo. Lakini tufunue sura ya 5. Mashua ilifika ng'ambo, na pale pwani alikuwapo mtu mwenye taabu, aliyekaa makaburini. Shwari haikuwa mwisho wa safari. Walikuwa wakimwendea mtu yule.

Na sisi je? Tumepewa siku chache za ukavu. Tuzibue mitaro, tufukie madimbwi, tuchemshe maji ya kunywa. Tushuke na majembe, unga na vyandarua kwa wale ambao bado wamo majini. Mvua za vuli hazina budi kuja, na kazi iliyoachwa Juni haitafanyika chini ya radi za Novemba.

Leo jioni, tukitazama ziwa lililotulia, tusiseme tu asante. Tuulize pia, ni nani anayetungoja ng'ambo?

Bwana awabariki. Amina.