Habari za Mizani, Magunia na Lumbesa

Wasomaji wetu wakulima, leo twataka kueleza sheria moja ambayo wengi huisikia ikitajwa sokoni, walakini wachache waijua ilivyo. Nayo ni Sheria ya Vipimo ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1982, ambayo katika vitabu vya sheria ni Sura ya 340. Kazi ya kuisimamia iko mikononi mwa Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002.

Hapo kale bibi zetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Vilifaa, maana muuzaji na mnunuzi walikuwa majirani, na kila mmoja alikijua kibaba cha mwenziwe. Lakini siku hizi viazi vilivyochimbwa Njombe huliwa Dar es Salaam, na avilaye hamjui aliyevilima. Kati yao hapana ujirani, ipo mizani tu. Ndiyo sababu sheria yataka mizani ya biashara ihakikiwe na kupigwa chapa kila mwaka, nayo yakataza gunia la mazao lisizidi kilo 100.

Basi lumbesa ni nini? Ni gunia lililokwisha kujaa, kisha likashonewa kilemba juu kwa kamba au kwa kipande cha gunia jingine, hata likafika kilo 120, au 130, pengine zaidi. Bei yake lakini ni ya gunia moja. Na tufanye hesabu. Mkulima aliyeuza magunia 10 yenye kilo 130 kila moja ametoa kilo 1,300, naye amelipwa magunia 10. Kama angalifungasha kilo 100 kwa kila gunia, angalipata magunia 13. Yale matatu amempa mnunuzi bure, pamoja na jasho lake, mbolea yake na sare za shule za watoto wake. Tena, mahali ushuru unapohesabiwa kwa gunia, halmashauri nayo hupunjwa. Na mchukuzi apakiaye lori hutwikwa mzigo usiomstahili mtu mmoja.

Sisi tunaoandika, ambao jembe letu ni kalamu, twakiri kuwa tuliwahi kununua lumbesa ya viazi na kuifurahia, tusifikiri ni nani aliyelipa kile kilemba.

Huenda msomaji atauliza, "Mbona wakulima wakubali?" Tusiwalaumu upesi. Viazi na vitunguu vilivyokwisha vunwa havingoji. Lori limesimama, mvua yaja, na mnunuzi asema kwamba jirani amekwisha kubali. Akataaye peke yake hubaki na mazao yake yakioza. Wakikataa kijiji kizima, na mizani ikawapo pale wanapokusanyia mazao, hapo mnunuzi hana budi kutaja bei ya kilo, wala si bei ya gunia. Hata Kenya jambo hili limewasumbua. Kanuni zao za viazi za mwaka 2019 ziliamuru mfuko usizidi kilo 50.

Lakini mizani nayo yaweza kudanganya. Kabla ya kupima, tazama kwamba imesimama mahali palipo sawa, na kwamba sindano yalala juu ya sifuri pasipo kitu. Tafuta chapa ya mwaka huu. Tena iko njia nyepesi ya kuijaribu: mfuko wa mbolea wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Uweke juu ya mizani mbele ya watu wote. Sindano ikisoma 44, usigombane wala usivunje chombo cha mtu. Andika siku, mahali na namba ya lori, upeleke habari katika ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wako, ambako yako mawe ya mizani yaliyo hakika, wapate kuja kuijaribu kwa hayo.